Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Mama mkubwa hakufia mjini

Shikamoo mheshimiwa, na mbukwenyi kama tunavyosalimiana huku kwetu. Mimi ni mkulima wa mpunga upande wa Bahi, naandika kwa simu kwa hiyo nivumilie.

Mama yangu mkubwa alifariki mwezi wa pili. Alifia kwenye mkokoteni wa ng'ombe ukingoni mwa mto Bubu, tunasubiri maji yapungue tuvuke tukaikute gari ng'ambo, kwetu mvua ilishakata lakini maji yanatoka huko juu Kondoa, yakishuka yameshuka. Kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu nimemfunika kitenge, akaomba maji mara mbili, mara ya tatu hakuomba tena. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, ameona. Jioni tukavuka tukampeleka mjini maana kuna ndugu walikuwa bado hawaamini, daktari akatuambia huyu kafika ameshafariki.

Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30 na sisi hatukuchelewa. Sasa cheti kimetoka, mahali pa kifo pameandikwa Dodoma Mjini na jina la hospitali! Nikarudi dirishani kumwambia karani sio hapo, akanijibu mama si cheti umepata, mirathi itafunguliwa, sasa mahali pana kazi gani.

Pana kazi mheshimiwa. Kila anayefia mtoni akiandikwa kafia mjini basi kwenye makaratasi kijiji chetu hakifi mtu, na siku tukiomba daraja au zahanati anayepanga bajeti anafungua takwimu anaona huku tuko salama kabisa. Na hiyo hospitali nayo inabebeshwa vifo vya watu ambao haijawagusa hata na sindano, si haki.

Usajili wa vizazi na vifo uko chini ya wizara yako ndio maana nimekuja kwako sio kwa wa afya. Naomba fomu itenganishe pale mtu alipokata roho na pale mwili ulipopokelewa, na aliyefia nyumbani au njiani neno la mwenyekiti au mtendaji wa kijiji likubalike, wao ndio wanakuwepo.

Na cheti cha mama mkubwa naomba kirekebishwe kiandikwe ukingoni mwa mto Bubu. Mwenyekiti yupo tayari kuja kusema, na mkokoteni bado uko hapa nyumbani.