Kwa Nini Mhimilishaji Mwenye Mafua Haingii Bandani Kwako

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja alilalamika kwamba tumemdhulumu, kwa kuwa tuliahirisha uhimilishaji (kuwatia majike manii ya dume kwa mrija) wa bata mzinga wake kwa siku sita baada ya mtaalamu wetu kuamka na mafua, ilhali yeye alikwisha kulipa kianzio. Lalamiko hili si geni kwetu, na tunaona wateja wote wana haki ya kuelezwa sababu.

Wafugaji wengi wanajua kwamba ndege huweza kumwambukiza binadamu mafua, lakini wachache wanajua kwamba binadamu naye huweza kumwambukiza ndege. Mwaka 2009, virusi vya H1N1, vya mafua ya nguruwe, vilipokuwa vimeenea duniani kote, viligunduliwa katika mashamba mawili ya bata mzinga karibu na Valparaíso, nchini Chile, na baadaye Kanada na Marekani. Ndege hawakufa kwa wingi. Kilichoporomoka ni utagaji. Watafiti walipowatia bata mzinga virusi hivyo puani, hawakuambukizwa, bali walipovipitisha katika njia ya uzazi, majike waliambukizwa. Kuku walivihimili.

Njia hiyo ya uzazi ndiyo hasa tunapofanyia kazi. Mmoja hulikamata jike na kuliminya tumbo mpaka njia ya mayai ijitokeze, na mwenzake huingiza mrija wa manii polepole, uso wake ukiwa karibu kabisa. Anayepiga chafya wakati huo, au aliyejifuta pua kwa glavu, anaweza kuvipeleka virusi ndani kwa mkono wake mwenyewe.

Ndiyo maana bei yetu inajumuisha barakoa, glavu na mrija mpya kwa kila jike. Mfugaji mmoja mwenye majike 32 aliona gharama hiyo ni ya bure, akamwita kijana wa bei nafuu aliyetumia mrija mmoja kwa banda zima, akiufuta kwa kitambaa. Tulipoitwa baadaye, majike kadhaa yalikuwa na maambukizi, mayai yakitoka na ganda laini kama karatasi iliyolowa, na fedha za dawa na daktari wa mifugo zilikuwa zimezidi mara tatu kile alichookoa.

Kuhusu siku sita zile, jike la bata mzinga huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa wiki kadhaa, hivyo majike ya mteja wetu, ambayo tulikuwa tumeyahudumia siku nane kabla, yaliendelea kutaga mayai yenye mbegu. Tuliyahudumia tena Jumatatu, kwa kianzio kilekile.