Kuhusu lile swali la viazisukari

Asalaam aleikum wanakikundi. Jana mwenzetu aliuliza kama tupande viazisukari (mizizi ya kutengenezea sukari, si viazi vitamu, jamani!) huku Malindi, maana kasikia Ulaya serikali husaidia wakulima wake. Mimi nasema hapana. Zao lile lapenda baridi, na jua letu mwalijua. Hata huko lilibebwa na serikali: mwaka 1811, meli za Uingereza zilipomzibia sukari ya miwa, Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliamuru hekta 32,000 zilimwe na shule za kulifundisha zifunguliwe. Tena kiazi kikishang'olewa chataka kiwanda karibu, la sivyo sukari hupungua. Sisi kiwanda twakitoa wapi? Hata korosho twauza na maganda yake! Jumamosi baada ya alasiri tuandike ombi kwa kaunti, mashine ya kubangulia korosho kwanza. Mwenye risiti za msimu uliopita aje nazo.