Siku ya tatu wadudu bado wanatembea: je, dawa ya wadudu iliyotengenezwa kwa kuvu imeshindwa?

Simu nyingi tunazopigiwa huingia siku ya pili au ya tatu baada ya kunyunyiza. Mteja ameamka, amegeuza jani, amewakuta vidukari wamejaa vilevile, na sauti yake inaonyesha ameshakata tamaa: "Dawa yenu haiui." Tunakuomba usome maelezo haya kabla hujaenda kununua sumu nyingine na kuimwagia juu yake.

Kilichomo kwenye pakiti ni kiumbe hai. Ni spora, yaani mbegu za kuvu, ama ya Beauveria bassiana au ya Metarhizium anisopliae. Wapo wanaoshtuka wakisikia neno kuvu, maana mkulima ameizoea kama adui: bakajani, ubwiri unga, kuoza kwa mizizi. Hizi mbili chakula chake ni mdudu, na mimea haiugui kwa sababu yake.

Spora ikimwangukia mdudu hujibandika kwenye gamba lake. Unyevu ukiwa wa kutosha, huchipua ndani ya siku moja hivi. Ncha ya chipukizi huvimba, hujikandamiza kwenye gamba, hutoa vimeng'enya vya kuliyeyusha, kisha hupenya kwa nguvu. Ikishaingia huzaana ndani ya maji ya mwili wa mdudu, ikimnyonya virutubisho na kumwachia sumu. Kwa nje huoni kitu. Siku zinavyokwenda mdudu hupunguza kula, huzubaa, ukimgusa kwa kijiti hakimbii kama alivyozoea. Kifo huja kati ya siku ya 3 na ya 10, na hali ya hewa ikiwa baridi huweza kuchelewa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mdudu unayemwona siku ya tatu anatembea huenda tayari ni mgonjwa.

Kwa kuwa kuvu hii hupita kwenye ngozi, si lazima mdudu aile. Ndiyo maana tunaipendekeza kwa wadudu wanaofyonza utomvu, kama vidukari, nzi weupe na vithiripi. Dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis, huua kiwavi anayetafuna jani lililonyunyiziwa, lakini anayechoma mrija wake ndani ya mmea haipati kabisa.

Ukitaka kuona kwa macho yako, fanya kama tunavyofanya sisi. Okota wadudu kama 10 waliokufa. Tandika karatasi laini iliyoloweshwa na kukamuliwa ndani ya chupa safi yenye kifuniko, waweke juu yake, funga, acha kivulini. Baada ya siku 3 hadi 5 angalia kwenye viungo vya miguu na kwenye mikunjo ya tumbo, pale gamba lilipo jembamba. Utaona nyuzi nyeupe kama pamba zinachomoza. Beauveria hubaki nyeupe na kuwa kama unga, na Metarhizium huanza nyeupe kisha hugeuka kijani. Shambani huenda usiione pamba hiyo hata kama kazi imefanyika, kwa sababu hewa kavu huizuia kutokeza nje. Wengi wanahesabu maiti nyeupe tu, na hapo wanajidanganya.

Mwitalia Agostino Bassi aliona maiti nyeupe kama hizo kwenye viwavi wa hariri, na mwaka 1835 alitangaza kwamba ugonjwa wao unaletwa na kiumbe hai kinachoambukiza. Jina bassiana linamuenzi yeye. Tunalieleza hili kwa sababu lina maana hadi leo: kama wewe au jirani yako anafuga viwavi wa hariri, usinyunyize Beauveria karibu nao. Nyuki nao waonee huruma, subiri warudi mzingani. Hatutamwambia mteja kwamba dawa hii haidhuru mdudu yeyote rafiki. Sumu nyingi huua zaidi, lakini hii pia ina mipaka yake.

Adui mkubwa wa spora ni jua. Mionzi yake huziua, na joto kali husimamisha ukuaji. Kiwango kinachozifaa ni nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi. Nzige wanalijua hili kwa maumbile yao: akiugua kuvu, huota jua hadi mwili wake upande joto, na hivyo huweza kukichelewesha kifo. Basi nyunyiza jioni, elekeza bomba chini ya majani walikojificha wadudu, na utakuwa umezipa spora usiku mzima wa kuchipua.

Kosa jingine ni bomba. Lililotumika jana kwa dawa ya ukungu, likasuuzwa mara moja tu, lina mabaki ya kutosha kuua kuvu uliyoilipia. Tenga bomba lake ikiwezekana. Dawa uliyochanganya itumie siku hiyohiyo, na pakiti iliyobaki itunze mahali pa baridi. Sisi wenyewe tuliwahi kupokea katoni iliyosafirishwa juani. Kwa nje ilikuwa nzima, lakini tulipoijaribu kwenye chupa kuvu haikuota kwenye mdudu hata mmoja. Hatukuiuza.

Rudia baada ya siku 5 hadi 7. Mdudu akijivua gamba kabla spora haijapenya, huivua pamoja nalo, na mayai yaliyokuwapo siku ya kwanza huwa yameshaanguliwa.

Tunaulizwa pia kama ndiyo ile kuvu inayowatawala sisimizi wa msituni hadi wapande mmea na kung'ata jani kabla ya kufa. Hapana, ile ni Ophiocordyceps, kuvu nyingine kabisa, wala haimo kwenye pakiti. Mwili wa binadamu wenye nyuzi 37 ni wa moto mno kwa Beauveria kustawi. Hata hivyo vumbi la spora huweza kuleta mzio, kwa hiyo vaa barakoa na glavu, na mtu mwenye kinga dhaifu asichanganye mwenyewe.

Kama shamba limeshaelemewa na unataka wadudu wafe kabla ya kesho, tutakwambia wazi kwamba hii siyo dawa yako. Na ukipiga simu siku ya tatu, pokea vizuri maswali yetu: ulinyunyiza saa ngapi, bomba lilitumika kwa dawa gani kabla, pakiti ilikaa wapi, na ukimgusa mdudu kwa kijiti, anakimbia au anazubaa?