Mawakili wa kampuni tunawapima vibaya

Mhariri,

Makala yenu kuhusu gharama za sheria imesema kweli: mara nyingi wakili wa kuajiriwa ni nafuu kuliko wa nje anayelipwa kwa saa. Ila imeishia hapo, kana kwamba idara ya sheria ipo ili kupunguza ankara. Mimi ni mhasibu, na kila tunapofunga hesabu za mwaka hukaa na mawakili hao wa kuajiriwa. Sikubaliani nanyi.

Tazameni yaliyoikuta General Motors, kampuni ya magari ya Marekani. Swichi ya kuwashia baadhi ya magari yake ilikuwa legevu. Goti likigusa ufunguo, au ufunguo ukiwa na mzigo, swichi inateleza, injini inazima, na gari likigonga mifuko ya hewa haifunguki. Madai yakaja. Mawakili wa ndani wakawa wanayamaliza nje ya mahakama, moja moja. Kwa hesabu ya faili zilizofungwa, walikuwa wachapakazi. Magari yalianza kurudishwa Februari 2014, zaidi ya miaka 10 tangu wahandisi waone kasoro ya kwanza. Uchunguzi ulioagizwa na kampuni yenyewe ulionyesha kuwa mkuu wa idara ya sheria alikuja kulijua tatizo hilo mwaka huohuo. Wafanyakazi 15 walifukuzwa, mawakili wakiwemo. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124, na mwaka 2015 kampuni ikakubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 900.

Taarifa yote ilikuwa ndani ya yale mafaili. Aliyeyasoma kwa pamoja ndiye aliyekosekana.

Kwenye vitabu vya hesabu mambo ni yaleyale. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 37, kinataka fedha za kesi zitengwe, na faida ipungue kwa kiasi hicho, pale ambapo kulipa kunaelekea zaidi kuliko kutolipa, na kiasi kinakadirika. Vinginevyo kesi mara nyingi huishia kwenye maelezo ya kurasa za mwisho, ambazo wanahisa wachache huzifikia. Kwa hiyo wakili akiandika “huenda tukalipa” badala ya “tunaelekea kulipa”, faida ya mwaka inabaki nono. Na anayemwandikia ndiye bosi wake, ambaye bonasi yake inategemea faida hiyohiyo! Si ajabu kwamba mwaka 2010, katika kesi ya kampuni ya kemikali ya Akzo Nobel, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa kuyapa mawasiliano ya wakili wa ndani kinga ya usiri katika uchunguzi wa uvunjaji wa sheria za ushindani wa biashara, kwa hoja kwamba mwajiriwa hana uhuru wa wakili wa nje. Hukumu ilikuwa kali mno, kwa maoni yangu, lakini hofu yenyewe haikuwa ya bure.

Wingi wa kesi peke yake hauniambii kitu. Kampuni inayotetea hataza zake (haki za uvumbuzi) itakuwa mahakamani daima. Ningeiuliza bodi maswali mawili: je, mkuu wa sheria huonana nayo bila mtendaji mkuu kuwepo? Na madai madogo yanayofanana, nani anayakusanya?

Mhasibu, msomaji wenu