Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wa kukusanya madaftari ya dawa baridi

Ndugu wanachama, habari za kazi. Mapato na matumizi mhazini atawasomea mwenyewe, mi nataka niongelee kazi iliyotula muda mwingi mwaka huu, kukusanya historia ya maduka ya dawa baridi, yale madogo ya dawa zisizohitaji cheti cha daktari, hapa Tabora kabla wazee wetu hawajaisha.

Vijana walioingia chamani juzi wanadhani duka la dawa muhimu, lile lililochukua nafasi ya dawa baridi, limekuwepo siku zote. Wazee wanaikumbuka NAPCO, kampuni ya umma ya dawa, ambayo ilikuja kufa kama mashirika mengi ya enzi zile. Sisi tukabaki na dawa baridi. Kibali kilikuwa cha dawa zisizohitaji cheti tu, lakini mtu katoka Sikonge na baiskeli, mtoto anachemka, anataka antibayotiki na famasi ziko mjini, utamwambiaje? Wengi tuliuza. Nasema tuliuza maana na mimi nilikuwepo, na haikuwa sawa, dozi hatukuzisomea.

Mama mmoja wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, katuletea daftari la duka la marehemu mumewe. Mchwa wamekula pembeni ila ndani panasomeka vizuri, klorokwini, aspirini, klorokwini tena, na pembeni ya majina ya wateja kaandika "atalipa akiuza tumbaku". Kurasa na kurasa za klorokwini halafu ghafla inaanza SP, ile dawa ya salfa, kwa wino mwingine kabisa, hiyo ni 2001 serikali ilipobadilisha dawa ya malaria. ALu, dawa mseto ya malaria, ilikuja baadaye, mwishoni mwa 2006, daftari halikufika huko. Nililishika muda mrefu lile daftari jamani.

Maduka ya dawa muhimu yalianza kwa majaribio Ruvuma 2003, muuzaji anasomeshwa, duka linakaguliwa, na baadhi ya antibayotiki zinaruhusiwa kihalali. Mpango ukasambaa mikoani, waliomudu wakabadilisha dawa baridi kuwa dawa muhimu, walioshindwa kukarabati au kulipia mafunzo wakafunga kimyakimya. Hao ndio wananiuma, walihudumia watu miaka na hakuna hata aliyewaaga.

Kwa hiyo naomba, mwenye daftari, leseni ya zamani au hata picha ya kibao cha duka amletee katibu. Majina ya wateja na magonjwa yao tutayafunika kwanza ndio tupige picha, hilo kamati imeshakubaliana. Urambo na Nzega bado hatujapata kitu. Leteni hata kama yamechanika.