Shoga, usizimwage mbegu za mgagani

Nyegezi, Mwanza

Shoga yangu mpenzi,

Salaam. Huku sote wazima, watoto wanakuulizia.

Unasema mgagani niliokupa umekataa kuota na unataka kuzimwaga mbegu. Nakuomba usizimwage! Mbegu za mgagani zikitoka tu shambani huwa zimelala, na nyingi haziamki mpaka zikae miezi kadhaa. Hizo zilivunwa Juni. Zitunze, mvua za vuli zikianza uzipande tena.

Ninachohofia mimi ni hapo unapoziweka. Ukerewe ni maji pande zote, na mbegu iliyo kwenye karatasi hufyonza unyevu wa hewani. Unyevu ukikutana na joto, mbegu huimaliza akiba yake ya chakula na kufa, nawe ukiitazama unaiona nzima. Basi zianike kwenye ungo, kivulini penye upepo, na jioni uziingize ndani. Za boga zikikauka sawasawa, ukiikunja moja inakatika. Ikipinda tu, rudisha unguni.

Kisha kaanga mchele bila mafuta mpaka ubadilike rangi, uache upoe kwenye sufuria iliyofunikwa. Ufunge kwenye kitambaa, uweke chini ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mbegu zikae juu kwenye bahasha zake. Mchele huo utavuta unyevu uliobaki. Baada ya wiki mbili utoe, ufunge chupa tena, uiweke mbali na jiko. Andika jina na mwezi, maana mchicha na mgagani zote ni punje nyeusi ndogo.

Kunde mimi huchanganya na majivu makavu yaliyochekechwa, mengi, ili wadudu wasipate njia.

Nyanya uliyoisifia, uliza kwanza ilitokana na mbegu gani. Kama ni chotara za pakiti, watoto wake hawatafanana na mama, usijisumbue. Kama ni ya kienyeji, chagua iliyoiva kabisa kwenye mche wenye afya, kamua mbegu na maji yake, ziache siku mbili tatu mpaka ute uachie. Ute ule ndio unaozuia kuota. Osha, anika kwenye sahani. Kwenye karatasi zitanata.

Mama mkwe wako ana ngogwe nyeupe, zile chungu hasa. Niombee mbili tatu zilizoachwa mtini mpaka zikawa nyekundu, umpe yeyote anayekuja na meli ya Nansio. Nitazifuata bandarini mwenyewe.

Shoga yako