Krishna Sobti na kalamu ya mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili niongezee jambo katika makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu wanawake wanaoandika fasihi ya India. Makala hiyo ilimtaja Krishna Sobti, mwandishi wa riwaya katika lugha ya Kihindi, ikaorodhesha tuzo zake na kuishia hapo. Tuzo alizipata kweli: ya Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi ya India, mwaka 1980, na Jnanpith, ambayo ni miongoni mwa heshima za juu kabisa za fasihi nchini humo, mwaka 2017. Hata hivyo, kwetu sisi tunaoandika na kufundisha huku Iringa, Njombe na Mbeya, kisa chake kinachotuhusu zaidi ni cha kitabu ambacho yeye mwenyewe alikizuia kisitoke.

Sobti alizaliwa mwaka 1925 katika mji wa Gujrat, Punjab, ambao leo uko Pakistan. India ilipogawanywa mwaka 1947 kuwa nchi mbili, India na Pakistan, alikuwa akisoma chuo mjini Lahore, akalazimika kuhamia upande wa India, ambako kwa miaka miwili aliajiriwa kumlea mtawala wa jimbo la kifalme la Sirohi, aliyekuwa bado mtoto. Mwaka 1948 hadithi yake fupi Sikka Badal Gaya, inayohusu mgawanyo huo, ilichapishwa na jarida la Pratik, na mhariri wake, mshairi Agyeya, hakubadili chochote ndani yake. Sobti alieleza baadaye kwamba tukio hilo ndilo lililompa uhakika kuwa uandishi ni kazi yake.

Miaka minne baadaye alikutana na mhariri wa aina nyingine. Riwaya yake ya kwanza, Channa, ilikuwa imekwisha kuingia mitamboni katika kampuni moja ya uchapaji mjini Allahabad alipogundua kwamba maneno yake ya Kipunjabi na Kiurdu, yaani maneno yanayosemwa na watu wa kijiji alichokuwa akikisimulia, yameondolewa na mahali pake pamewekwa maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kwa sababu hayo ndiyo yaliyohesabiwa kuwa Kihindi safi. Alipeleka simu ya maandishi kuamuru kazi isimame, akaiondoa riwaya, na akalipa kutoka mfukoni mwake ili nakala zilizokwisha kupigwa chapa ziteketezwe. Tukumbuke kwamba huyu alikuwa mwanamke kijana asiye na riwaya hata moja sokoni. Alikaa na mswada huo miaka mingi, akauandika upya, na mwaka 1979 ukatoka kwa jina la Zindaginama, riwaya isiyo na shujaa mmoja, ambamo kijiji kizima cha Punjab cha mwanzoni mwa karne ya 20 kinazungumza kwa kauli yake. Riwaya hiyo hiyo ndiyo iliyompatia tuzo ya mwaka 1980. Channa yenyewe ilichapishwa mwaka 2019, mwaka ambao Sobti alifariki akiwa na umri wa miaka 93.

Kati ya matukio hayo aliandika mengi, na kila kitabu alikipa kauli yake. Mitro Marjani ya mwaka 1966, ambayo mhusika wake ni mke anayeishi na wakweze na kusema waziwazi haja za mwili wake, iliwatikisa wasomaji wengi. Dilo-Danish inawafuata watu wa Delhi ya zamani, na Kihindi chake kimejaa Kiurdu cha mji huo.

Nayaleta haya kwenu kwa sababu mama mmoja wa Njombe alinionyesha hadithi yake iliyorudi kutoka kwa mchapishaji. Aliandika juu ya wanawake wanaolima vinyungu, na kila mahali mhariri alikuwa amefuta vinyungu na kuandika bustani. Msomaji wa mikoa hii anajua hasara iliyopatikana. Kinyungu hulimwa bondeni wakati wa kiangazi kwa unyevu unaobaki ardhini, huleta mahindi mabichi na maharage wakati ghala limepungua, na mara nyingi hukaa jirani mno na maji, jambo linalowagonganisha wakulima na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Ugomvi wote wa hadithi ile ulitokana na hilo. Katika bustani ya maua au mchicha, afisa mtendaji angekuja kugombana na nani?

Sijasahau hoja ya upande wa pili. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati ya lugha tangu mwaka 1930, nimekifundisha darasani maisha yangu yote, na ningependa sheria, mitihani na habari za gazeti hili ziendelee kuandikwa kwacho. Lakini riwaya si waraka wa wizara. Tena, mwandishi wa Pemba akitumia maneno ya kwao tunasema lugha yake ina ladha. Wa Makete akifanya vivyo hivyo tunasema hajui Kiswahili.

Wala simfanyi Sobti kuwa mtu asiye na kasoro. Mwaka 1984 alimshtaki mwandishi mwenzake Amrita Pritam kwa kutumia neno Zindaginama katika jina la kitabu, na kesi hiyo ilikokotwa hadi mwaka 2011, ikaisha kwa ushindi wa upande wa Pritam, ambaye alikuwa amefariki miaka sita kabla. Kwa maoni yangu kesi hiyo haikustahili kufunguliwa, kwa kuwa aliyetetea haki ya wanakijiji kutumia maneno yao hakupaswa kujimilikisha neno moja peke yake.

Ombi langu kwenu ni dogo. Ukurasa wenu wa fasihi hupokea hadithi kutoka kwa wasomaji wa mikoani. Kabla ya kubadili neno la mwandishi, mpigieni simu au mtumieni rasimu iliyohaririwa, na akilitetea neno lake, liacheni na muweke maelezo mafupi chini ya hadithi. Mama wa Njombe bado anayo hadithi yake, na yuko tayari kuileta kwenu kama alivyoiandika.

Mwalimu mstaafu,
Iringa